Nani aligusa kipimajoto? Jinsi takwimu za joto zinavyorekebishwa na namna ya kuzikagua

Ukichukua mchoro wa joto la Marekani uliotolewa mwishoni mwa miaka ya 1990 ukauweka kando ya ule wa leo, utaona kwamba namba za miaka ya 1930 hazilingani. Zimesogea. Mwaka 1934 umepoa kwenye karatasi, ilhali hakuna aliyerudi huko na kipimajoto kipya. Hapo ndipo tuhuma inapoanzia: takwimu zimechakachuliwa ili dunia ionekane inazidi kupata joto.

Tuhuma hiyo inastahili jibu lenye vipimo, kwa sababu nusu yake ni kweli. Takwimu zimeguswa. Kinachobaki kujua ni zimeguswa wapi, kwa kiasi gani, kwa sababu ipi, na kama mtu mwingine akiifuata njia ileile atafika palepale.

Kisanduku cheupe na vipimajoto viwili

Kituo cha hali ya hewa cha kawaida kina kisanduku cheupe cha mbao chenye kuta za vibao vilivyokaa mshazari. Kilibuniwa na Thomas Stevenson, mhandisi wa Scotland, katika miaka ya 1860, na hadi leo umbo lake halijabadilika sana. Kinasimama kwa miguu minne ili vipimajoto vikae kati ya mita 1.25 na mita 2 kutoka ardhini, juu ya nyasi fupi, mbali na ukuta, lami na miti. Weupe wake unarudisha mwanga wa jua, na vile vibao vinapitisha upepo huku vikizuia miale. Mlango unatazama upande ambao jua haliingii: kaskazini kwa nchi za kaskazini, kusini kwa nchi za kusini. Karibu na ikweta jua linahama upande katika mwaka mmoja, kwa hiyo kisanduku kinatakiwa kiwe na milango miwili. Rangi ikibanduka, mbao zinashika joto. Nyasi zikikwanguliwa hadi udongo mtupu, mchana wa kituo hicho unapanda hata kama hewa ya wilaya nzima haikubadilika.

Ndani kuna vipimajoto viwili vilivyolazwa. Cha kiwango cha juu kina zebaki, na karibu na tungi lake kuna shingo nyembamba. Zebaki ikipanuka inapenya, ikipoa hairudi yenyewe. Inabaki ikionyesha joto kubwa kabisa lililofikiwa mpaka mtu akishike na kukikung'uta, kama kile kipimajoto cha hospitali cha zamani. Cha kiwango cha chini kina spiriti yenye kijiti kidogo ndani yake. Spiriti ikishuka inakivuta kijiti, ikipanda inakipita na kukiacha kilipofika. Mpimaji anasoma, anaandika, kisha anakiinamisha ili kijiti kirudi kwenye ncha ya spiriti.

Kazi ni tatu: kusoma, kuandika, kurudisha. Hiyo ya kurudisha ndiyo iliyozaa ubishi mkubwa kuliko wote nchini Marekani.

Saa kumi na moja jioni dhidi ya saa moja asubuhi

Marekani ina mtandao wa vituo vinavyotunzwa na watu wa kujitolea, wengi wao wakulima, uliopangwa rasmi tangu 1890. Kwa miongo ya mwanzo wengi wao walisoma vipimajoto jioni, kazi za shamba zikiisha. Baadaye idara ya hali ya hewa iliwataka wasome asubuhi, kwa sababu maji ya mvua yaliyolala kwenye kipimamvua mchana kutwa yanapungua kwa mvuke. Sababu ilikuwa mvua. Athari ikaangukia joto.

Chukua kituo kimoja katikati ya mashamba ya mahindi ya Iowa, mwezi wa Julai. Jumatatu saa tisa alasiri joto linafika nyuzi 36. Saa kumi na moja jioni mtunza kituo anafungua kisanduku, anaandika 36, anakikung'uta kipimajoto. Lakini hewa ya saa hiyo bado ina nyuzi 34, kwa hiyo zebaki inaianza siku mpya ikiwa kwenye 34. Usiku upepo baridi unashuka kutoka Kanada, na Jumanne kutwa joto halivuki 25. Jumanne saa kumi na moja jioni mtunza kituo anakuta 34, anaandika 34. Hajakosea kusoma wala hajadanganya, ila ile ni hewa ya Jumatatu. Joto la siku moja limehesabiwa mara mbili.

Sasa hamishia usomaji saa moja asubuhi. Jumatano alfajiri ya mwezi wa Oktoba joto linashuka hadi nyuzi 2. Saa moja anaandika 2, anainamisha kipimajoto, lakini nje bado ni nyuzi 3. Alhamisi kunaamka mawingu na joto halipungui 9, ila kijiti kimebaki kwenye 3. Safari hii ni baridi iliyohesabiwa mara mbili.

Kituo kinachosomwa jioni, basi, kinapendelea joto, na kinachosomwa asubuhi kinapendelea baridi. Maelfu ya vituo vilipohama polepole kutoka jioni kwenda asubuhi kuanzia miaka ya 1940, takwimu ghafi za nchi nzima, yaani zile ambazo hazijarekebishwa, zilipata upoaji wa bandia. Thomas Karl na wenzake walichapisha mwaka 1986 njia ya kukadiria kosa hilo kwa kutumia vituo vilivyokuwa na usomaji wa kila saa: unachukua kumbukumbu za saa 24, unazisoma kana kwamba mtunza kituo alikuja jioni, kisha kana kwamba alikuja asubuhi, halafu unapima tofauti. Kwa wastani wa Marekani, sahihisho hilo peke yake linaongeza takriban nyuzi 0.2 hadi 0.3 kwenye mwenendo wa karne nzima, yaani kiasi ambacho joto linapanda au kushuka mwaka hadi mwaka. Ndilo sahihisho kubwa kuliko yote katika takwimu za nchi hiyo, na ndilo linalolaumiwa zaidi.

Jambo moja kwa wasomaji wa pwani: kosa hili linategemea jinsi siku moja inavyotofautiana na inayofuata. Mombasa au Dar es Salaam, ambako mchana wa leo unafanana sana na wa kesho, saa ya kusoma haina madhara makubwa kama ilivyo Iowa. Mtu akikuletea namba za Marekani kama ushahidi wa kinachotokea kwenye vituo vyote vya dunia, amerukia mbali.

Sanduku la plastiki na waya mfupi

Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 vituo vingi vya mtandao huo vilibadilishiwa vifaa. Kisanduku cha mbao kikaondoka, pakaja kihisio cha umeme ndani ya sahani nyeupe za plastiki zilizopangwa kama mzinga wa nyuki. Kihisio kinaunganishwa kwa waya na kidude cha kusomea kilicho ndani ya nyumba. Ulinganisho wa vituo vilivyobadilishwa na visivyobadilishwa ulionyesha kwamba kiwango cha juu kilishuka kwa karibu nyuzi 0.4 na cha chini kilipanda kwa karibu nyuzi 0.3. Wastani haukuyumba sana, lakini mchana na usiku viliyumba kila kimoja upande wake.

Waya ule ukaleta tatizo lingine. Kuufukia chini ya njia ya gari au zege ni kazi ngumu, kwa hiyo mafundi wengi waliweka kihisio karibu na nyumba. Ndiyo picha ambazo Anthony Watts, mkosoaji wa takwimu hizi, na wenzake wa kujitolea walianza kuzikusanya mwaka 2007: vihisio kando ya maegesho, karibu na mashine za viyoyozi, juu ya changarawe. Picha zile ni za kweli na lawama ile ilikuwa ya haki, kwani vituo vingi vilikuwa havitimizi masharti ya mahali pa kuwekwa.

Je, mahali pabaya palitengeneza ongezeko la joto? Swali hilo lilipimwa. Utafiti wa 2011 ulioongozwa na Souleymane Fall, Watts mwenyewe akiwa miongoni mwa waandishi, ulikuta kwamba vituo vibaya vinazidisha mwenendo wa kiwango cha chini na kupunguza ule wa kiwango cha juu, na kwamba mwenendo wa wastani unakaribia kuwa uleule kwa vituo vizuri na vibaya. Inashangaza mpaka ukumbuke kwamba mwenendo haujali kituo kina joto kiasi gani. Unajali kama kimebadilika. Kihisio kilichokaa kando ya ukuta kwa miaka 40 kinasoma juu mwaka wa kwanza na kinasoma juu mwaka wa arobaini. Kinachoharibu mwenendo ni siku kilipohamishiwa hapo ukutani.

Kuuliza majirani

Siku hiyo inajulikanaje, ikiwa hakuna aliyeiandika? Kwa kuuliza majirani. Tuseme vituo vitano viko ndani ya kilomita mia moja. Mwaka wa joto unavipandisha vyote, mwaka wa baridi unavishusha vyote. Toa namba za kituo kimoja kwenye namba za jirani yake, mwezi kwa mwezi: hali ya hewa ya eneo inafutika, unabaki na mstari unaotetemeka karibu na sifuri. Mstari huo ukishuka ghafla kwa nyuzi 0.8 mwezi mmoja na kubaki huko chini, na ukishuka hivyohivyo dhidi ya majirani wote wanne, tatizo liko kwenye kituo hicho na si angani. Programu inayotumiwa na NOAA, taasisi ya Marekani ya bahari na anga, inafanya kazi hiyo kwa kila jozi ya vituo. Ilielezwa na Matthew Menne na Claude Williams mwaka 2009, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuupakua.

Ikishapata mruko, programu inasogeza sehemu ya zamani ili ilingane na ya sasa. Hii ndiyo sababu ya lile lalamiko la kwamba wanayapoza ya kale. Kifaa cha leo kinachukuliwa kama rejeo, kwa kuwa ndicho kitakachoendelea kuleta namba kesho. Kama kingesogezwa cha leo, kila usomaji mpya ungelazimika kurekebishwa milele. Kwa mteremko wa mstari haidhuru usogeze upande gani. Na kwa kuwa programu inaendeshwa upya kila takwimu mpya zinapoingia, mwaka 1934 unaweza kusogea kwa sehemu ya mia ya nyuzi kutoka toleo moja hadi jingine. Anayehifadhi nakala za zamani na kulinganisha ataliona hilo, na ana haki ya kuuliza.

Hata hivyo njia hii ina udhaifu wake. Inahitaji majirani. Vituo vyote vya eneo vikibadilishwa kifaa mwaka mmoja, au vyote vikimezwa na mji kwa mwendo uleule, hakuna wa kumsuta mwenzake. Mruko mdogo, chini ya nusu nyuzi hivi, mara nyingi unapita bila kuonekana. Na pale vituo vinapotengana kwa mamia ya kilomita, jirani si jirani tena.

Kwa bahati Marekani ilijijengea mtihani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilianza kuweka mtandao mpya wa vituo vya rejeo, 114 katika majimbo 48 yanayopakana (bila Alaska na Hawaii), kila kimoja mahali pa wazi mbali na miji, kila kimoja kikiwa na vihisio vitatu vya platini vinavyokaguana. Kimoja kikipotoka, viwili vinakisuta. Vituo hivi havihitaji sahihisho lolote. Zeke Hausfather na wenzake walivilinganisha mwaka 2016 na vituo vya zamani vilivyo jirani navyo. Baada ya marekebisho, vituo vya zamani vilikaribia zaidi vile vya rejeo kuliko kabla ya marekebisho. Kwa maoni yetu huo ndio ushahidi wenye uzito kuliko wote katika mjadala huu, maana mtahini hakuhusika katika kutunga majibu.

Baharini hadithi inageuka

Mabishano mengi yanakwama Marekani, nchi ambayo majimbo yake 48 yanayopakana ni chini ya asilimia 2 ya uso wa dunia. Asilimia 71 ni bahari, na baharini marekebisho yanaelekea upande wa pili.

Mabaharia wa karne ya 19 walitupa ndoo ya mbao, wakaivuta hadi sitahani, wakachovya kipimajoto. Baadaye ikaja ndoo ya turubai, nyepesi kubeba. Turubai linavuja jasho kama mtungi wa udongo: maji yanatoka nje ya kitambaa, upepo unayakausha, na maji ya ndani yanapoa. Baharia akichelewa dakika chache, au meli ikienda kasi na upepo ukiwa mkali, kipimajoto kinasoma chini ya joto halisi la bahari kwa sehemu kadhaa za nyuzi. Kisha zikaja meli kubwa za injini, na joto likawa linasomwa kwenye bomba linaloingiza maji ya kupozea, ndani ya chumba cha injini kinachochemka. Usomaji huo unakuwa juu kidogo ya ukweli. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia meli za Marekani, zilizopima kwenye bomba, zilikuwa sehemu kubwa ya ripoti zote, na kuwasha tochi sitahani usiku ili kusoma ndoo kulihatarisha maisha. Vita vilipoisha mwaka 1945 meli za Uingereza zilirudi na ndoo zao, na takwimu ghafi zikaonyesha bahari imepoa ghafla. Bahari haikupoa. Ndoo ndizo zilizorudi.

Kwa hiyo namba za zamani za ndoo zinapandishwa, na jambo hilo linapunguza tofauti kati ya zamani na sasa. Ukiunganisha nchi kavu na bahari, ongezeko la joto la dunia tangu mwisho wa karne ya 19 ni kubwa kidogo katika takwimu ghafi kuliko katika zilizorekebishwa. Anayesema marekebisho yametengeneza ongezeko hilo angalie kwanza upande wa hesabu hii.

Miongo ya karibuni ina kisa chake. Tangu miaka ya 1990 maboya yanayoelea yamechukua nafasi ya meli, na maboya yanasoma takriban nyuzi 0.12 chini ya meli mahali palepale. Ukichanganya bila kusahihisha, bahari inaonekana haipati joto kwa kasi yake halisi. Mwaka 2015 NOAA ilisahihisha hilo, na ile dhana ya kwamba ongezeko limesimama tangu 1998 ikapungua nguvu sana. Kamati ya sayansi ya Baraza la Wawakilishi la Marekani, chini ya mwenyekiti Lamar Smith, ikatoa hati ya kudai barua pepe za watafiti. Mwaka 2017 Hausfather na wenzake walitengeneza mfululizo wa maboya peke yake, wa setilaiti peke yake, na wa vipimo vya Argo, vile vinavyozama na kuibuka baharini, peke yake. Hakukuwa na mchanganyiko wa vyombo, hivyo hakukuwa na haja ya sahihisho lile. Yote matatu yalilingana na toleo jipya la NOAA.

Setilaiti nazo zinarekebishwa. Wengi wanazitaja kana kwamba zinasoma ukweli mtupu kutoka juu. Haziukaribii uso wa ardhi. Zinapima mawimbi mafupi ya redio yanayotolewa na oksijeni katika tabaka nene la anga, na joto linapatikana kwa hesabu. Mwaka 1998 iligundulika kwamba setilaiti zilikuwa zinashuka taratibu na kuingiza upoaji wa bandia. Mwaka 2005 likapatikana kosa la alama (kujumlisha mahali pa kutoa) katika sahihisho la saa ya siku ambayo setilaiti inapita. John Christy na Roy Spencer, wanaotunza mfululizo wa Chuo Kikuu cha Alabama huko Huntsville na wanaojulikana kwa kutilia shaka utabiri wa kompyuta, walisahihisha, na mwenendo wao ukapanda.

Wakosoaji waliopatia

Mwaka 2007 Steve McIntyre, mtaalamu wa hesabu wa Kanada, aliona mruko kwenye vituo vya Marekani katika takwimu za NASA kuanzia Januari 2000. Aliwaandikia. Ikabainika kwamba tangu mwezi huo NASA ilikuwa inachota namba kutoka chanzo kingine bila kuoanisha. Kosa lilisahihishwa ndani ya siku chache: wastani wa Marekani baada ya 2000 ulishuka kwa takriban nyuzi 0.15, na miaka 1934 na 1998, iliyokuwa inakaribiana mno, ikabadilishana nafasi. Kwa dunia nzima athari ilikuwa sehemu ya elfu chache za nyuzi. Muda mfupi baadaye NASA iliweka wazi msimbo wake wote, jambo lililopaswa kufanyika zamani.

Novemba 2009 barua pepe za kitengo cha hali ya hewa cha Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, kinachotunza mmoja wa mifululizo ya joto la dunia, ziliibwa na kusambazwa. Tume ya Muir Russell, iliyochunguza kisa hicho, ilikuta watafiti hawakuwa wawazi inavyotakiwa, na lawama hiyo ilistahili. Lakini tume ilifanya pia jaribio: ilichukua takwimu za vituo zilizokuwa tayari hadharani, ikaandika programu yake mwenyewe, na kwa muda usiozidi siku mbili ikapata mchoro unaofanana na wa chuo.

Richard Muller, mwanafizikia wa Berkeley, naye hakuridhika. Alikusanya timu, ikapokea fedha zikiwemo za mfuko wa Charles Koch, tajiri wa mafuta wa Marekani, ikatumia takriban vituo 39,000 na njia tofauti kabisa ya hesabu. Mwaka 2011 na 2012 ilitoa matokeo: mstari wake ulipita juu ya mistari ya wale aliowashuku. Muller alikiri waziwazi kwamba alikuwa amebadili mawazo.

Kericho, ambako nusu nyuzi ni jambo kubwa

Afrika Mashariki tuna ubishi wetu wenyewe, na haukuhusu njama. Ulihusu uhaba wa vituo.

Miaka ya 1980 na 1990 malaria ilirudi kwa nguvu nyanda za juu. Februari 2002 Simon Hay na wenzake walichapisha uchambuzi wa sehemu nne: Kericho nchini Kenya, Kabale nchini Uganda, Gikongoro nchini Rwanda na Muhanga nchini Burundi, kuanzia 1911 hadi 1995. Walisema joto halikubadilika kiasi cha kuhesabika, kwa hiyo sababu itafutwe kwingine, kwa mfano usugu wa vimelea kwa dawa.

Takwimu walizotumia zilikuwa za miraba: dunia imegawanywa katika miraba yenye upande wa nusu digrii, kama kilomita 55, na kila mraba umejazwa kwa kukisia kutoka vituo vilivyopo. Mraba wa Kericho unachukua milima na mabonde kwa pamoja. Joto linapungua takriban nyuzi 6 kwa kila kilomita ya kupanda, kwa hiyo mraba mmoja una hali za hewa kadhaa. Jonathan Patz na wenzake walilitaja hilo mwaka uleule. Mwaka 2006 timu ya Mercedes Pascual iliongeza miaka hadi 2002, ikaona ongezeko. Mwaka 2011 Judith Omumbo, pamoja na watafiti wengine akiwemo wa Idara ya Hali ya Hewa Kenya, aliiacha miraba akarudi kituoni Kericho penyewe: usomaji wa kila siku wa miaka 30, 1979 hadi 2009, uliokaguliwa na kulinganishwa na vituo vingine vya nyanda za juu. Kiwango cha juu, cha chini na cha wastani vyote vilikuwa vinapanda kwa karibu nyuzi 0.2 kila muongo.

Nyuzi 0.2 ni nini? Kimelea cha malaria kali kinahitaji muda wa kukua ndani ya mbu, na kanuni inayotumika sana ni hii: gawanya 111 kwa tofauti kati ya joto la hewa na nyuzi 16. Kwenye nyuzi 18 unapata siku 56, na mbu wachache mno wanaishi muda huo. Ongeza nyuzi 0.6, yaani miongo mitatu ya Kericho, unapata siku 43. Kwenye nyuzi 20 ni siku 28. Mahali palipo ukingoni, kosa la nusu nyuzi kwenye takwimu linageuza jibu la daktari.

Mwaka huohuo wa 2011 David Stern, Hay mwenyewe na wenzao walirudia kazi ya 2002 kwa toleo jipya la takwimu za miraba. Safari hii ongezeko la joto lilionekana. Lakini pia waliona kwamba wagonjwa wa Kericho walikuwa wamepungua huku joto likipanda, kwani dawa na kinga navyo vina mkono wao. Takwimu sahihi za joto zilimaliza ubishi wa joto. Hazikumaliza ubishi wa malaria.

Uhaba huo haujaisha. Rwanda ilipoteza vituo vingi mwaka 1994, na pengo linaonekana kwenye kumbukumbu zake kwa takriban miaka 15. Watafiti wanaoshirikiana na idara za hali ya hewa, Tanzania ikiwemo, wanaziba mapengo kwa kuunganisha usomaji wa vituo na makadirio ya setilaiti. Ni kazi nzuri, lakini pengo lililozibwa linabaki makadirio.

Zebaki inaondoka sasa

Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, unapiga marufuku kutengeneza na kuuza nje au kuingiza vipimajoto vya zebaki tangu 2020. Vituo vinahamia vihisio vya umeme. Yaliyotokea Marekani miaka ya 1980 yanatokea kwetu sasa, tofauti ikiwa kwamba majirani wa kuulizwa ni wachache. Programu haiwezi kukiokoa kituo kilicho peke yake.

Dawa ni kuviacha vifaa viwili vifanye kazi bega kwa bega kabla ya kuondoa cha zamani: mwaka mmoja kwa uchache, miwili ikiwezekana, ili masika, vuli, kiangazi na kipupwe vyote vipite mara mbili. Kihisio kipya kisitundikwe mahali pengine kwa sababu ya urefu wa waya. Kabla ya kugusa chochote, piga picha nne ukiwa umesimama kwenye kisanduku, moja kwa kila upande wa dira, zionyeshe miti na majengo yaliyo karibu. Andika urefu wa kihisio kutoka ardhini, namba ya kifaa, na tarehe kilipopimwa usahihi wake. Rangi ikipakwa upya, andika. Ukuta ukijengwa mita 15 kutoka hapo, andika ulianza lini na kuisha lini. Saa ya kusoma ikibadilishwa, hilo liandikwe kwa wino mwekundu kama ikibidi.

Maandishi yenyewe hayahitaji ufundi. Machi 14, saa 3:20 asubuhi: kipimajoto cha juu kimevunjika wakati wa kusafisha. Usomaji wa saa 3:00 ni wa kile cha zamani. Cha akiba kimewekwa saa 3:45, namba yake imeandikwa ukurasa wa nyuma. Kisanduku hakikuhamishwa.